Kabla ya kusema ndege wamekwisha, tuwahesabu

Ukishuka ufukweni Kazimia asubuhi, saa mitumbwi inaporudi na ndagala za usiku, hutakosa kumsikia mtu akisema: "Ndege wamekwisha." Mzee atakuambia kwamba zamani minandi, wale ndege weusi wanaozamia samaki, walitua kwa wingi mpaka mchanga ukawa mweusi. Kijana atabisha: "Baba, jana nimewaona wengi kule mtoni." Mama anayeanika ndagala atasema yeye haoni tofauti yoyote, wezi wake wenye mabawa wapo kila siku. Mabishano yanaendelea, na mwishoni anashinda mwenye sauti kubwa.

Sisemi kwamba mzee anadanganya, wala kijana, wala mama. Kila mmoja anasema alichokiona. Ninachosema ni kwamba hakuna hata mmoja wao mwenye njia ya kujua. Kwetu sisi wakaaji wa Fizi, kutokujua huko kunaanza kuwa na bei.

Tazama mahali tulipo. Mbele yetu kuna Ziwa Tanganyika. Nyuma yetu kuna misitu ya Ngandja na milima inayoelekea Kabobo. Kaskazini kuna Itombwe. Sehemu hii ya Bonde la Ufa ina zaidi ya aina elfu moja za ndege, na baadhi yao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Ndiyo maana wataalamu wanakuja, hifadhi zinachorwa, mipaka inajadiliwa. Na huku huku kuna watafuta dhahabu, kama tunavyoona Misisi, kuna wakata mbao, na kuna sisi wenye mashamba ya muhogo.

Siku moja mtu atakuja na karatasi. Ikiwa imeandikwa kwamba ndege wanapungua kwa sababu ya mashamba yetu, tutajibu nini? Na ikiwa imeandikwa kwamba msitu huu hauna tena kitu cha thamani, basi apewe mwenye mashine za kuchimba, hapo tutajibu nini? "Sisi tumezaliwa hapa" ni jibu la kweli, lakini halitoshi mezani Bukavu wala Kinshasa. Mezani huko wanauliza: wangapi, lini, mmehesabu vipi?

Maoni yangu ni haya: tuanze kuhesabu ndege wetu sisi wenyewe, kwa utaratibu, kila mwaka, na daftari libaki Kazimia. Haitoshi kuhesabu tu, maana hesabu mbaya inaweza kutudhuru kuliko kukosa hesabu. Kwa hiyo naomba msomaji anivumilie nieleze hesabu hii inafanywaje. Si uchawi wa wazungu. Mambo mengi ndani yake wavuvi wetu wanayajua tayari.

Tuanze na jambo ambalo kila mvuvi analijua. Wavuvi wawili wanarudi, kila mmoja na beseni kumi za ndagala. Wa kwanza alitumia usiku mmoja, wa pili alitumia usiku nne. Je, ziwa limewapa sawa? Hakuna mvuvi atakayesema ndiyo. Anajua kwamba ndagala hupimwa pamoja na usiku, taa na wavu. Anajua pia kwamba usiku wa mbalamwezi taa haiwavuti samaki vizuri, kwa hiyo huwezi kulinganisha wiki ya giza na wiki ya mwezi mpevu halafu ukasema ziwa limekufa.

Ndege ni hivyo hivyo. Mwaka jana mtu mmoja alitembea nusu saa akaona ndege 30. Mwaka huu watu wanne wametembea asubuhi nzima wakaona ndege 60. Atakayeandika kwamba ndege wameongezeka mara mbili amejidanganya. Kilichoongezeka ni macho na saa. Sheria ya kwanza ya takwimu za ndege ni hii: mahali pale pale, majira yale yale, saa ile ile, muda ule ule, na uandike watu wangapi walihesabu. Bila hayo, namba mbili hazilinganishwi.

Jambo la pili ni gumu zaidi: ndege aliyeonekana si sawa na ndege aliyepo. Ukipita njia ya msituni, ndege aliye hatua kumi kutoka kwako utamwona au utamsikia. Aliye hatua themanini, nyuma ya majani, humwoni, lakini yupo. Wataalamu hawaandiki tu "nimeona ndege 50". Wanaandika kila ndege alikuwa umbali gani na njia. Kisha wanatazama: karibu na njia wameonekana wengi, mbali wameonekana wachache. Kwa kuwa ndege hawakujipanga kufuata njia ya mtu, upungufu ule wa mbali unaonyesha ni wangapi waliotukwepa. Kutoka hapo wanakadiria idadi ya wote. Wanaokadiria hivyo hawabahatishi. Wanapima udhaifu wa macho yao wenyewe, kisha wanausahihisha.

Kuna njia nyingine, na hii unaweza kuijaribu nyumbani leo jioni. Chukua kibuyu cha maharagwe usiyojua idadi yake. Toa maharagwe 50, yatie alama ya masizi, yarudishe, ukoroge vizuri. Kisha toa 60 bila kuchagua. Ukikuta 10 kati ya hayo 60 yana alama, maana yake ni kwamba moja katika kila sita ina alama. Kama 50 ni moja ya sita ya kibuyu chote, basi kibuyu kina maharagwe kama 300. Sasa mwambie mtoto ayahesabu yote moja moja. Hamtapata 300 kamili, lakini mtakaribia.

Kwa ndege, masizi ni pete ndogo ya chuma inayofungwa mguuni. Mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwafunga ndege pete zenye namba mwaka 1899, na tangu hapo kazi hiyo imeenea dunia nzima. Lakini angalia mtego uliomo. Hesabu ya maharagwe inafaa kama alama haikutoka, kama hakuna maharagwe yaliyoingia wala kutoka, na kama yenye alama hayakwepi mkono wako. Ndege anaweza kuvuka ziwa akaenda Kigoma au Burundi. Aliyewahi kukamatwa anaweza kuuogopa wavu. Mtaalamu mwaminifu anasema masharti hayo wazi, na anaandika jibu lake kama "kati ya hapa na pale", si namba moja kavu. Akija mtu Kazimia na namba moja kavu, bila kusema aliipataje, muulizeni.

Jambo la tatu ndilo linalotugusa zaidi: kutokuonekana si kutokuwepo. Mfano wake uko hapa kwetu, haujatoka Ulaya.

Mwaka 1951, katika milima ya Itombwe, alipatikana bundi ambaye sayansi haikumjua. Alipewa jina la Alexandre Prigogine, aliyekuwa akikusanya ndege wa mashariki mwa Kongo wakati wa ukoloni, na mwili wake ukapelekwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Baada ya hapo miaka ilipita bila bundi mwingine kushikwa. Mwaka 1996, mmoja alinaswa katika wavu wa watafiti, tena akiwa hai, kusini-mashariki mwa Itombwe. Miaka 45 kati ya bundi mmoja na mwingine! Je, bundi hao walikwisha halafu wakarudi? Hapana. Walikuwepo usiku wote huo. Ambaye hakuwepo ni mwenye kutafuta.

Mfano wa karibu zaidi: kuna ndege wa msituni mweusi mwenye ushungi wa manjano kichwani, ambaye kwa jina la kisayansi anaitwa Prionops alberti. Kwa karibu miaka ishirini hakuna mtaalamu aliyekuwa amemwandika, na aliwekwa katika orodha ya ndege waliopotea. Kati ya Desemba 2023 na Januari 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, Marekani, pamoja na wenzao Wakongomani wa kituo cha CRSN Lwiro, walipanda Itombwe wakamkuta na kumpiga picha. Waliona ndege kama 18 katika sehemu tatu.

Hapa ndipo watu wengi wanateleza. Ndege 18 si idadi ya ndege hao walioko Itombwe. Ni idadi ya walioonekana, katika wiki chache, kwenye njia chache walizoweza kupita. Pengine wapo mamia, pengine zaidi. Ili kusema wangapi, lazima kurudi, tena na tena, kwa utaratibu uliopangwa.

Kwa nini kurudi ni lazima? Fanya hesabu ndogo. Tuseme bundi yupo kweli katika bonde fulani, lakini usiku mmoja ukimtega sikio una nafasi moja katika tano ya kumsikia. Ukienda usiku mmoja usimsikie, hujajua kitu: katika watu 100 wanaofanya hivyo, 80 watamkosa ingawa yupo. Ukienda usiku tano, bado 33 katika 100 watamkosa. Ukienda usiku kumi, watakaomkosa ni 11 tu. Ukimya wa usiku mmoja haumaanishi kitu. Ukimya wa usiku kumi unaanza kuwa habari. Kwa hiyo anayepita siku moja kwa gari akaandika kwamba ndege fulani hayupo Ngandja, hajafanya utafiti. Amefanya safari.

Tukumbuke pia mwaka 2007. Kuanzia Januari mpaka Machi, timu ya shirika la WCS iliingia katika misitu ya Misotshi-Kabogo, jirani zetu wa kusini, ambayo wanasayansi hawakuikanyaga tangu karibu mwaka 1960 kwa sababu ya vita. Walitoka na wanyama sita ambao sayansi haikuwajua: popo, panya, virukanjia wawili na vyura wawili. Wazee wa huko pengine walikuwa wanawafahamu wote. Lakini kilichofahamika bila kuandikwa hakikuhesabika kuwa kimejulikana.

Najua kuna msomaji anayekunja uso sasa hivi. Atasema: "Ndugu, watu wanakimbia vita, watoto wamelala njaa, ndugu zetu wengine wako kambini Nyarugusu tangu miaka mingi, na wewe unatuambia tuhesabu ndege?" Swali hili ni la haki, na silikwepi. Usalama unakuja kwanza. Simwambii mtu yeyote aingie msituni kwenye hatari kwa ajili ya ndege. Ninachopendekeza kinafanyika ufukweni, mahali ambapo tayari tunakaa, tunavua na kuteka maji.

Lakini nina jibu lingine pia. Ndege ni wapashaji habari. Huko India, katika miaka ya 1990, wale ndege wakubwa wanaokula mizoga, tumbusi, walikuwa wengi kiasi kwamba nani angejisumbua kuwahesabu? Kwa bahati, watafiti walikuwa wamewahesabu kando ya barabara mwanzoni mwa miaka hiyo. Waliporudia barabara zile zile, waliona aina moja imeporomoka hata kufikia mwaka 2007 kubaki karibu mmoja tu kwa kila elfu. Namba hizo ziliwafanya watu watafute sababu, na mwaka 2004 ikatangazwa: diclofenac, dawa ya maumivu, ile ile tunayoijua kwenye famasi zetu, iliyokuwa ikipewa ng'ombe. Tumbusi aliyekula mzoga wa ng'ombe mwenye dawa hiyo aliharibika figo akafa. Mwaka 2006 India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Bila hesabu ya mwanzo, watu wangebaki na mabishano kama yetu ya ufukweni: mmoja anasema wamekwisha, mwingine anasema wamehama.

Kwetu, ndege wa ziwa wanakula kile tunachokula. Mdiria, yule mweusi na mweupe anayesimama hewani akipiga mabawa kisha akajitupa majini, anakula ndagala. Minandi wanakula samaki. Furukombe anakula samaki. Wakipungua kweli, huenda ziwa linatuambia jambo kuhusu sahani zetu. Wakihama tu, hilo ni jambo lingine. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda sana, yakafunika fukwe na nyumba. Ambaye angehesabu ndege wa mchangani mwaka ule angekuta wachache. Je, walikufa? Au mchanga wao ulizama wakaenda kutua kwingine? Mwenye hesabu ya mwaka mmoja hawezi kujibu. Mwenye hesabu za miaka kumi, tena za sehemu tano, anaweza.

Basi tufanye nini? Kila mwezi wa Januari, tangu mwaka 1991, kuna hesabu ya ndege wa majini inayofanyika katika nchi nyingi za Afrika, sehemu ya ile ya dunia iliyoanza mwaka 1967. Januari inafaa kwa sababu ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya nao wako huku. Jirani zetu wa Kenya wanahesabu maziwa yao kwa njia hiyo. Hakuna sababu Kazimia isiwe na siku yake.

Napendekeza sehemu tano za ufukweni, zichaguliwe na watu wanaolijua ziwa, wakiwemo wavuvi na akina mama wa sokoni. Zisichaguliwe tu zile zenye ndege wengi, maana ukichagua sehemu nzuri peke yake, miaka inayofuata lazima ziporomoke kidogo, nawe utadhani ni balaa. Sehemu nyingine ziwe za kawaida, hata mbovu. Kila sehemu watu wawili, saa moja, kuanzia mapambazuko, asubuhi tatu mfululizo. Waandike aina, idadi, hali ya hewa, usawa wa maji, na majina ya waliohesabu. Wahesabu kila mmoja peke yake kabla ya kuulizana, ili tofauti yao ituonyeshe makosa yetu ni makubwa kiasi gani. Wasipomwona ndege, waandike sifuri. Sifuri nayo ni habari, na daftari lisilo na sifuri halifai.

Majina ya ndege yaandikwe kwa Kibembe, Kibuyu, Kigoma na Kiswahili, kama wazee wanavyowaita, kisha walimu watafute jina la kisayansi. Gharama ni madaftari, kalamu, saa na darubini mbili. Wanafunzi wa sekondari wanaofundishwa asilimia na wastani ubaoni watapata mahali pa kuzitumia. Nakala moja ipelekwe kwa watafiti wa ziwa wa CRH Uvira, moja Lwiro, moja kwa ICCN. Daftari lenyewe libaki hapa.

Na kwa mashirika na watafiti wanaokuja kwetu nina ombi moja: mkihesabu, rudisheni namba. Mnatumia vijana wetu kuwaonyesha njia, wazee wetu kuwaambia majina, kisha ripoti tunaisikia miaka baadaye, kwa lugha ambayo mama wa Kazimia haisomi. Karatasi mbili kwa Kiswahili, zikisomwa mbele ya wakaaji, hazigharimu kitu.

Nimalizie kwa onyo, nisije nikaonekana nauza dawa ya kila ugonjwa. Hesabu haina ndugu. Inaweza kutuonyesha kwamba wageni wametusingizia. Inaweza pia kutuonyesha kwamba mzee alikuwa na haki, na kwamba mkono unaoharibu ni wetu. Huko Kenya, watafiti waliporudia hesabu za barabarani za miaka ya 1970, walikuta ndege wawindaji wa aina nyingi wamepungua sana, ila ndani ya hifadhi walipungua kidogo zaidi kuliko nje. Namba kama hiyo ikitoka Ngandja, baadhi yetu hawataipenda. Itabidi tuipokee hivyo hivyo, kwa sababu anayekubali hesabu siku inayomfaa tu hana hesabu.

Lakini heri ukweli mchungu ulioandikwa kwa mkono wetu kuliko uongo mtamu uliokuja na gari. Januari haiko mbali. Mzee wa ufukweni anakumbuka minandi waliojaza mchanga. Tumpe kijana daftari, wakae pamoja alfajiri, wahesabu. Mwaka wa kwanza hautatuambia kitu kikubwa. Mwaka wa tano utaanza kusema.